Kuku Mgeni na Kamba Yake

Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi tuliokulia katika nyumba zenye ua tunajua kwamba maneno haya, kabla hayajawa methali, yalikuwa ni kazi ya mikono. Kuku aliyenunuliwa sokoni, au aliyeletwa kutoka shamba ndani ya tenga, alifungwa kipande cha nguo mguuni, akaunganishwa na shina la mpapai, akamwagiwa wishwa na kuwekewa maji ndani ya kifuu. Hapo alikaa siku tatu au nne akiwatazama wenyeji wake wakichakura, kisha kamba ikafunguliwa. Lakini bibi yangu hakumhisabu kuku yule kuwa ni wa kwetu hata baada ya kumfungua. Siku moja nilimwambia, "Bibi, huyu sasa si ameshazoea?" Akanijibu, "Amezoea chakula, mjukuu wangu. Bado hajaatamia."

Kwake yeye kuku aligeuka mwenyeji siku alipolala juu ya mayai katika ua ule ule, akavumilia siku zake 21, na akatoka na vifaranga wake kuwafundisha wapi pa kuchakura na wapi pa kujificha anapopita mwewe. Kabla ya siku hiyo alikuwa ni mgeni tu, hata kama ametaga mayai mia. Sikuifahamu kauli hii wakati ule. Nimekuja kuifahamu baadaye sana, baada ya kufuga mwenyewe, kusoma kidogo, na kukaa barazani nikiwasikiliza wafugaji wa uani wakibishana juu ya mbegu ipi ya kuku ni bora. Naona kwamba bibi, bila ya kukusudia, alinipa mizani ya kupimia historia ndefu. Kwani katika pwani yetu hakuna kuku asiyekuwa mgeni.

Tuanze na lugha, maana lugha inashuhudia kwamba watu wa pwani waliishi karibu mno na ndege huyu. Kifaranga dume akikua huwa pora, mpaka anapoanza kuwika na kuitwa jogoo, au jimbi kwa ulimi wa wazee na wa washairi. Jike ambaye hajataga ni tembe. Anayetaga, au aliyekaribia kutaga, ni mtetea. Na aliyekwisha kuwa mzazi ni koo. Nyama iliyosimama kichwani mwa jogoo ni undu, na mwiba wa mguuni mwake ni kipi. Yai lililoatamiwa lisitoe kitu ni viza. Asiyekuwa na manyoya shingoni ni kishingo, mwenye manyoya yaliyopinda kuelekea kichwani ni kidimu, asiyekuwa na mkia ni kibutu, na mrefu wa miguu, mwenye kifua kipana na macho ya kiburi, ni kuchi. Nayataja maneno haya kwa sababu yanatutoka. Ukienda leo kununua vifaranga vya siku moja utaulizwa jambo moja tu: unataka wa nyama au unataka wa mayai? Katika swali hilo hapana nafasi ya koo.

Sasa tuulize mgeni huyu alitoka wapi. Wataalamu wa viumbe waliochunguza chembechembe za urithi za kuku wengi wa dunia walieleza mwaka 2020 kwamba mzazi mkuu wa kuku wa kufugwa ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-magharibi ya China, kaskazini ya Thailandi na Myanmar. Miaka miwili baadaye, mwaka 2022, wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza kwamba mifupa ya zamani kabisa inayoweza kuitwa ya kuku wa kufugwa bila ya shaka imepatikana Ban Non Wat, katikati ya Thailandi, nayo ni ya baina ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Masihi. Maelezo yao yanapendeza. Wanasema kuku-mwitu aliteremka kutoka mitini kwa kufuata mpunga na ulezi wa wakulima. Kwa maneno mengine hakutekwa. Alikuja mwenyewe kudokoa, akapendezewa, akabaki.

Kutoka huko alisafiri. Katika nyanda za juu za kaskazini ya Uhabeshi, mahali paitwapo Mezber, imepatikana mifupa ya kuku ya karne kadhaa kabla ya Masihi, na hiyo ni miongoni mwa ya mwanzo kabisa katika bara la Afrika. Kwa upande wa visiwa vyetu pamekuwa na mjadala. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechimba katika mapango ya Unguja, alitoa hoja kwamba mifupa ya kuku iliyopatikana humo ni ya zama za mbali sana kabla ya Masihi, na kwamba watu wa hapa walikuwa na mawasiliano na Asia tangu wakati huo. Uchunguzi mwengine, uliochapishwa mwaka 2017, ulitumia chembechembe za urithi na protini za ndani ya mifupa kutoka vituo 22 vya Afrika Mashariki. Wenyewe ulimthibitisha kuku tangu kiasi cha karne ya 7 ya Masihi, katika bandari kama Unguja Ukuu. Mimi naegemea upande wa uchunguzi huu wa pili, kwa sababu mfupa wa kuku na mfupa wa kanga hufanana mpaka ukamhadaa mtu mwenye macho makali. Lakini swali aliloliuliza Chami ndilo lililowafanya wengine watafute. Uchunguzi huo huo ulimkuta na panya mweusi wa Asia akiingia katika zama hizo hizo. Mgeni na mwizi wake walipanda chombo kimoja.

Aliyempokea mgeni huyu alimpa jina linalofanana na sauti yake, na jina hilo likaenea katika lugha za jamaa zetu: Wazulu wanasema inkukhu, Washona wanasema huku. Jambo linalonishangaza zaidi liko Bukini. Wamalagasi wanasema lugha ambayo shina lake ni Borneo, upande ule ule wa dunia alikotoka kuku. Ungetegemea basi kwamba wangekuja na kuku na jina lake. Sivyo. Ng'ombe wanamwita omby, mbwa wanamwita amboa, na kuku wanamwita akoho. Maneno yote matatu yametoka upande wetu. Ndege wa Asia alifika kwa watu waliotoka Asia akiwa amekwisha kuchukua jina la Kiafrika. Kama kuna ushahidi wa mgeni aliyefunguliwa kamba, ndio huo.

Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 alimkuta kuku amekwisha kupata heshima yake. Anasimulia kwamba wageni walipelekewa wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mbao, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Msomaji wa pwani hana haja ya kufasiriwa karamu hiyo. Karne karibu saba zimepita, na mpaka leo mgeni wa heshima akiingia nyumbani, wa kwanza kuingiwa na wasiwasi ni jogoo.

Nitasimama zaidi kwa kuchi, kwa sababu ndiye kuku wa pwani anayezusha maneno mengi barazani. Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja wapo wazee wanaoweza kukutajia nasaba ya jogoo lao kama wanavyotaja nasaba ya watu. Kuchi ni mrefu, mgongo wake umeteremka, undu wake ni mfupi na umelala, manyoya yake ni haba na yamembana mwilini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliowapima kuku wa kienyeji mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwakuta majogoo wa kuchi wakivuka kilo 2 na nusu, na wakamkuta ching'wekwe, yule mfupi wa bara, akiwa chini yao sana. Lakini kuchi hakupendwa kwa kilo zake. Alipendwa kwa ushujaa, na yapo majogoo yaliyopiganishwa mpaka yakafa ili wanaume wapate la kuzungumza. Sitaki kuisifu desturi hiyo. Bibi aliwaita watu wa mchezo ule "wasio na kazi", na sina la kuongeza.

Jina lenyewe, kuchi, limewafanya watu wataje Kachchh ya Bara Hindi, na wengine bandari ya Kochi. Kufanana kwa majina si hoja. Hoja imekuja kwa njia nyengine. Katika muongo wa 2010 watafiti walipochunguza chembechembe za urithi ambazo kuku hupewa na mama yake peke yake, waliwakuta kuku wa kienyeji wa Tanzania wamegawika katika koo mbili kubwa za kina mama: ukoo mmoja unaohusishwa na Bara Hindi, na mwengine na Asia ya Kusini-Mashariki. Kuchi alikutwa yu karibu na Shamo, kuku wa mapigano wa kisiwa cha Shikoku, Japani. Hapana haja ya kudhani kwamba Wajapani walitua Lamu na matenga. Shamo mwenyewe ni mgeni huko Japani, na jina lake limetokana na Siam, jina la zamani la Thailandi. Mmoja alipelekwa mashariki, mwengine akachukuliwa na pepo za kaskazi mpaka kwetu, na kila mmoja akafika kisiwani kwa watu wa bahari.

Tazama tena miguu ya kuku wako. Ikiwa ni ya manjano, basi yuna babu mwengine. Mwaka 2008 wataalamu walionyesha kwamba rangi ya manjano ya ngozi haikutoka kwa kuku-mwitu mwekundu bali kwa yule wa kijivu, wa misitu ya Bara Hindi, aliyechanganyika na kuku wa kufugwa. Wafugaji huipenda miguu ya manjano na hudai kwamba ni dalili ya afya. Kumbe ni hati ya safari. Kishingo naye, aliyechekwa na watoto wa kila mtaa, ukosefu wake wa manyoya humwezesha kupoa katika joto kuliko wenziwe. Kidimu hali kadhalika. Wapishi wa zamani walijua kwamba kishingo hupungua kazi ya kunyonyoa. Sayansi ilikuja baadaye kusema kilichobaki.

Hadi hapa nimezungumzia kulinganisha kwa wataalamu. Lakini kulinganisha mbegu za kuku kulianza uani, kwa watu wasiokuwa na vyeo, na dunia ina deni kwao. Katikati ya karne ya 19 Waingereza na Wamarekani waliingiwa na wazimu uliopewa jina la homa ya kuku. Meli zilizorudi kutoka China na Asia ya kusini zilileta kuku wakubwa wenye manyoya mpaka vidoleni. Malkia Victoria akajengewa banda la kuku Windsor. Na mwezi wa Novemba 1849 yakafanyika mjini Boston maonyesho ya kuku yaliyovuta maelfu ya watu. Mfanyabiashara mmoja, George Burnham, alimpelekea Malkia kuku wa zawadi mwaka 1852, akapata sifa na wateja, na mwaka 1855, homa ilipokuwa inashuka, akaandika kitabu cha kuwacheka wale wale waliomtajirisha. Majimbo hayo hayo ya Marekani ndiyo yaliyokuwa yakileta Unguja zile guo tulizoziita merikani na kuchukua pembe na sandarusi.

Miongoni mwa wenye homa hiyo alikuwamo mtu mmoja mpole, Charles Darwin. Yeye hakutaka zawadi za maonyesho. Alitaka kujua kama mbegu zote hizi zina babu mmoja, na kwa hivyo aliwaandikia wafugaji, khasa William Tegetmeier, akiwauliza juu ya undu, rangi, mayai na tabia. Alifuga mwenyewe pia, akachanganya. Alimpandisha jogoo mweusi wa Kihispania kwa majike meupe yenye manyoya ya hariri, na baina ya watoto wao, watoto wa mweusi na mweupe, akapata jogoo mwekundu aliyefanana na kuku-mwitu wa msituni. Babu aliyejificha alirudi. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 Darwin alieleza jambo jengine, na hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Zipo mbegu ambazo majike yake hayaatamii; wafugaji waliiondoa tabia hiyo kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi. Lakini zikichanganywa mbili kati ya mbegu hizo, zote mbili zisizoatamia, mara nyengine huzaliwa jike ambaye siku moja hujikunyata juu ya mayai na kukataa kuondoka.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 1902, William Bateson alitumia undu wa kuku kuonyesha kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel katika njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Mfugaji wa pwani aliyempandisha kuchi kwa mtetea wa kawaida na kuona vifaranga wamefuata undu mfupi wa baba yao alikuwa ameuona ukurasa ule ule. Hakuuandika tu.

Kwa nini basi watu walitaka kuku asiyeatamia? Hesabu ni nyepesi. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 12 au 15, huacha kutaga, hulalia wiki tatu, kisha hulea miezi miwili au mitatu. Kwa mwaka hutoa mayai kiasi cha 40 hadi 60. Homoni iitwayo prolaktini ndiyo inayomtuliza kiotani, na muda wote huo hatagi. Mwenye kuuza mayai anaiona hiyo kuwa ni hasara. Akimchagua kila mara yule asiyetulia, baada ya vizazi kadhaa hupata kuku kama Leghorn, anayetaga karibu mayai 300 kwa mwaka na hajui kiota ni kitu gani. Na vifaranga je? Hao huachiwa moto.

Moto wa kuangua mayai si uvumbuzi wa jana. Aristotle alitaja mayai ya Misri yaliyoanguliwa kwa kufukiwa katika samadi. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyeishi Misri kiasi cha mwaka 1200, aliyaeleza kwa urefu majoko ya udongo ya nchi hiyo, akasema kwamba ni nadra huko kuona vifaranga walioanguliwa na mama yao. Wenye majoko hawakuwa na kipimo cha joto. Waliligusisha yai kwenye ukope wa jicho, wakajua. Mfaransa Réaumur alipotaka kuwaiga, na kuchapisha kitabu mwaka 1749, alilazimika kutumia vipimajoto. Ukope ule ulikuwa ni elimu ya baba kwa mwana, na nchi nzima iliitegemea.

Kuku wa kizungu walipoletwa kwetu katika zama za ukoloni, na hata baada yake, walikuja zaidi kama waume. Katika Kenya, mpango wa taifa wa kuendeleza kuku ulioanza mwaka 1976 uliwapa wanavijiji majogoo ya kisasa kwa kubadilishana na yao. Aghalabu tulimjua Rhode Island Red, mwekundu, mzito, tukamwita mzungu. Laiti tungejua nasaba yake! Mbegu hiyo ilitengenezwa na wakulima wa Marekani waliopandisha kuku wao kwa majogoo mekundu ya Kimalaya na ya Shanghai yaliyoletwa na mabaharia. Mzungu wetu alikuwa ni binamu wa kuchi, aliyezunguka dunia kwa upande wa pili. Hata hivyo nasisitiza jambo moja: jogoo akija peke yake hukuta mama wa kienyeji, na mama huyo ndiye anayeatamia. Damu ilibadilika, lakini koo lilibaki uani. Ukileta vifaranga vya siku moja kwa maboksi, umemleta mgeni bila ya kumkutanisha na mama.

Niruhusiwe kusema yangu. Mwishoni mwa mwaka 2009 mimi na kaka yangu tulikuwa na mashine ya kutotolesha iliyokwisha kutumika, ya mayai mia moja. Marehemu baba alikuwa ameacha kuchi wachache, na mdondo ulipopita mtaani ukatuachia mitetea miwili na jogoo moja tu. Kwa tamaa ya kuwaongeza haraka tulikusanya mayai yao yote, tukayaweka ndani ya mashine pamoja na ya kienyeji na ya machotara, kila mbegu na alama yake ya kalamu, tupate kulinganisha ipi itaangua vizuri zaidi. Nilikuwa na daftari, na niliona fahari nayo.

Mwezi wa Desemba njia ya umeme inayotoka bara kupita chini ya bahari iliharibika, kama ilivyokwisha kutokea Mei 2008, na Unguja ikakaa bila ya umeme mpaka Machi 2010. Mayai yetu yalikuwa na siku tisa. Usiku wa kwanza tuliweka chupa za maji ya moto na kuizungushia mashine mablanketi. Asubuhi kaka alikuwa amechoka na mimi nimeungua mkono. Ndipo bi mkubwa mmoja wa mtaani, aliyekuja kuazima makaa, alipochungulia ndani, akauliza, "Mwanangu, hamna koo?" Hatukuwa nalo. Mitetea ya baba tulikuwa tumeichovya maji kila ilipotaka kulala, ili iendelee kutaga kwa ajili ya mashine.

Alituletea makoo yake mawili ndani ya kapu, yaliyokwisha kulala. Madogo, ya rangi ya majivu, moja lao kishingo. Alitandika makumbi na mchanga katika karai kuukuu, akanyunyiza majivu kuzuia utitiri, akatuambia tuchague. Mayai 24 tu ndiyo yaliyoweza kuwaenea. Kaka alitaka tugawe kwa usawa. Mimi nilichukua yote ya kuchi kwanza, yalikuwa 15, na sikuona haya. Yaliyobaki katika mashine yaligeuka viza moja baada ya jengine, na harufu yake ilikaa katika chumba kile mpaka masika. Chini ya makoo yale walitoka vifaranga 17, na 11 kati yao walikuwa kuchi wa baba. Kila kuku niliye naye leo mwenye undu uliolala ametokana na hao. Daftari nililitia jikoni.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wanaofuga Sasso wa Kifaransa, au Kuroiler aliyetengenezwa Bara Hindi katika miaka ya 1990, mbegu zilizoenea Tanzania katika muongo wa 2010 baada ya kujaribiwa katika mradi wa nchi tatu, Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Kuroiler hutaga mayai mara mbili au tatu ya kuku wangu, na hukua upesi. Mjane mwenye ada za skuli hawezi kula nasaba. Lakini barazani kwetu, kila jioni mabishano yanapopamba moto, mmoja akitaja kilo, mwengine mayai, mwengine bei ya mfuko wa chakula, huwa nangoja atakayeuliza nani ataatamia, na aghalabu hapana. Mwenye Sasso akimaliza kundi lake hurudi dukani. Vifaranga vikichelewa kutoka bara, ua wake huwa mtupu. Mwenye koo halazimiki kuvuka bahari. Na anayeuza watetea wake wote wa kienyeji ili apate nafasi ya wageni hana tena pa kuwakutanisha wageni hao na mama. Kwani koo halinunuliki kwa boksi, na kunguru wa Bara Hindi waliotufika mwishoni mwa karne ya 19 hawamwogopi kifaranga asiyekuwa na mama wa kumrukia mtu usoni.

Mwaka jana jirani yangu alinipa tembe mwekundu mnene, mtoto wa Kuroiler kwa jogoo la Sasso, kwa kuwa alikuwa akiruka ukuta na kuvunja miche yake ya mchicha. Nilimfunga kamba mguuni, kwenye shina la mpapai, kama tulivyozoea. Siku ya nne nikamfungua. Alitaga kwa miezi mitano bila ya kupumzika, akiyaacha mayai popote, hata juu ya ngazi. Kisha siku moja, katika wiki ya mwisho ya kaskazi, hakuonekana. Nilimtafuta mpaka magharibi. Nilimkuta nyuma ya pipa la maji, kifua amekibandika chini, manyoya yamemsimama, na nilipopeleka mkono akanidonoa mpaka damu ikatoka. Chini yake palikuwa na mayai sita. Nilikwenda ndani nikachukua matano ya kuchi, nikamwongezea usiku, mmoja mmoja, polepole.

Leo ni siku ya 19. Asubuhi nililisogeza sikio langu karibu naye. Ndani ya yai moja mmetia mlio.